Sura ya Saba: Ichinjwe au Itunzwe?

Meza ya fundi wa vifaa vya umeme pale Bariadi mjini ina matabaka. Juu kabisa zipo simu, maana simu ndizo zinazoleta hela ya kula. Pembeni kuna sabufa na ving'amuzi. Chini ya meza, ndani ya kiroba au boksi la biskuti, ndiko ziliko PlayStation 2: tatu, nne, nyingine hazina mfuniko, nyingine zimebaki ubao mtupu. Wenyewe walizileta zitengenezwe, wakatajiwa bei ya jicho jipya, yaani lenzi inayosoma diski, wakasema wanaenda kujipanga. Hadi leo wanajipanga.

Mwenyewe akipita siku ya mnada, mazungumzo huwa mafupi.

“Mwangaluka, fundi. Ile gemu ya mdogo wangu imefikia wapi?”

“Mwangaluka, mayu. Jicho limekufa na jipya sina. Niichinje nikupe chochote, au unaichukua ukaiweke ndani?”

Kuchinja hapa ni kama gereji wanavyochinja gari: unatoa kila spea inayofaa, mzoga unautupa. Kuiweka ndani maana yake ni kuipandisha juu ya kabati mpaka mende wahamie. Njia ya tatu, yaani kuitunza kwa makusudi ili watu wa kesho waione na waiwashe, haitajwi, kwa sababu hakuna anayedhani gemu ni kitu cha kutunzwa. Mimi msimamo wangu nautoa mapema. PlayStation nyingi zilizo chini ya meza hizo zichinjwe, tena bila huruma. Ila zisichinjwe kabla mtu hajatazama kilichomo kwenye memori kadi, na kisu kisiziguse zile gemu feki za kaseti ambazo kila mtu anazidharau.

Tuanze na PlayStation yenyewe. Sony iliingiza toleo la pili sokoni Japani tarehe 4 Machi 2000, na ikasimamisha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Kwa miaka hiyo ziliuzwa milioni 160 hivi. Mkoa wa Simiyu wenyewe ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, kwa hiyo mashine hii ilikuwa inakaribia kustaafu kiwandani wakati Bariadi inaanza kuitwa makao makuu ya mkoa. Huku kwetu, hata hivyo, ndiyo kwanza ilikuwa na kazi. Bidhaa hufika mji wa namna hii ikiwa mkono wa pili au wa tatu, imepitia Dubai, Kariakoo na Mwanza, na inaanza maisha mapya wakati wenye nayo wa kwanza wameshaisahau.

Kitu kilichouzwa milioni 160 hakitapotea duniani kwa sababu fundi mmoja wa Bariadi amefungua skrubu. Ziko nzima kwa wakusanyaji, na ziko taasisi ambazo kazi yake ndiyo hiyo: The Strong, jumba la makumbusho la mji wa Rochester, New York, limejaza mashine za gemu za kila kizazi na lina watu wanaolipwa kuzihudumia. Anayekataa kuichinja PlayStation yake iliyokufa kwa hoja kwamba ni ya kihistoria anajisumbua. Historia ya plastiki ile imeshatunzwa na wengine, na kwa bajeti ambayo sisi hatuna.

Lakini kabla ya bisibisi, hakikisha imekufa kweli. Simiyu ni mkoa wa vumbi kavu na udongo mweusi wa mbuga, na banda la gemu halina dirisha la kioo. Vumbi linatua juu ya lenzi, mashine inazungusha diski, inanguruma, inakuandikia kwamba haioni kitu, na mwenye banda anatangaza msiba. Mara nyingi dawa yake ni kipande cha pamba na tone la spiriti, ukafuta taratibu bila kukandamiza. Pamba ndiyo isiyokosekana huku. Huu ndio mkoa unaoongoza kwa kuilima Tanzania. Jicho lililochoka kweli unalijua kwa tabia: linasoma diski za aina moja na kukataa za aina nyingine, au linasoma mashine ikiwa ya baridi na kugoma ikipata moto.

Jingine la kutazama ni kibandiko cha nyuma. Zile nene za mwanzo zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zinataka umeme wa volti 100. Ukutani kwetu ni 230. Nyingi zilikufa siku ileile zilipochomekwa, mbele ya familia nzima iliyokaa mkao wa kula. Kilichoungua mara nyingi ni sehemu ya kupokelea umeme; jicho, mota na ubao mkuu vinaweza kuwa vizima kabisa, kwa kuwa havijafanya kazi tangu vivuke bahari. Mashine kama hiyo ndiyo ng'ombe mnono wa kuchinja.

Na ukichinja, chinja kwa adabu. Jicho limekaa juu ya kigari kidogo kinachotembea kwenye reli; toa kigari kizima pamoja na reli zake, usiking'oe jicho peke yake, na utepe wa nyaya ufungue kwenye kibano chake badala ya kuuvuta. Feni inafaa. Mota ya kuzungusha diski inafaa. Pedi moja ina mota mbili ndogo za kutetemesha mkono, na watoto wanaounda magari ya makopo wanazijua thamani yake kuliko mtu mzima yeyote. Mipira ya vitufe, zile stiki mbili za kidole gumba, springi, hata skrubu: weka kila kitu kwenye kopo lake. Fundi anayetupa skrubu za PlayStation atazitafuta mwezi ujao kwa mwenzake.

Wapo wanaosema mashine hizi zipewe kazi nyingine ya maana zaidi. Kwa nini PlayStation isigeuzwe kompyuta ya darasani? Swali si la kijinga, maana limewahi kujibiwa kwa vitendo. Mwaka 2002 Sony wenyewe waliuza vifaa vya kuigeuza PlayStation 2 kuwa kompyuta ya Linux, pamoja na kibodi na diski ya gigabaiti 40. Mwaka uliofuata, kituo cha kompyuta kubwa cha Chuo Kikuu cha Illinois kiliunganisha zaidi ya 60 ili zifanye hesabu za kisayansi. Jeshi la anga la Marekani likaenda mbali zaidi mwaka 2010, likaunganisha PlayStation 3 zipatazo 1,760 na kupata kompyuta moja kubwa kwa gharama ndogo. Mwaka huohuo Sony walikuwa wameshaufunga mlango, kwa kuondoa kwenye PlayStation 3 uwezo wa kuwekewa mfumo mwingine.

Nawaheshimu waliofanya hayo, lakini kwa shule ya Itilima au Meatu wazo hilo limechelewa. PlayStation 2 ina kumbukumbu ya megabaiti 32. Simu ya bei ya chini kabisa inayouzwa stendi ya Bariadi inaizidi mara nyingi, ina betri yake, na haihitaji televisheni. Kuipa shule mashine iliyochoka kwa jina la kompyuta ni kuisaidia nyumba yako kupata nafasi. Kazi mpya inayoifaa PlayStation ya Simiyu ni ileile iliyoizoea: kuwa gemu, au kuwa spea ya gemu nyingine.

Sasa niende kwa feki, ambako ndiko hasa kuna jambo.

Kabla ya PlayStation, nyumba nyingi za kanda hii ziliijua gemu ya kaseti. Kwa nje ilifanana na kila kitu: nyingine iliigiza umbo la PlayStation hadi kwenye mfuniko wa diski, ikaitwa PolyStation, na ukiufungua mfuniko unakuta mdomo wa kuchomeka kaseti. Ndani yake ni nakala ya Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwezi Julai 1983. Kaseti ziliandikwa kwamba zina gemu 9,999 kwa moja. Ukizihesabu ni chache tu, zinazojirudia kwa majina tofauti mpaka unachoka kushuka orodha.

Mashine hii ina uzito kwetu kuliko sura yake inavyoonyesha. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya hasara iliyopatikana Hazina, na marufuku hiyo ikaacha kivuli kirefu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Bara vituo vilianza kurusha matangazo 1994. Kwa watoto wengi wa vijijini na miji midogo ya Kanda ya Ziwa, chombo cha kwanza chenye prosesa walichokiamuru wakakiona kinatii hakikuwa kompyuta ya shule. Kilikuwa gemu feki iliyonunuliwa baada ya pamba kuuzwa.

Nje ya hapa, uwezo wake ulitambuliwa. Mwaka 2008, mbunifu wa Marekani Derek Lomas na wenzake waliokuta mashine hizi India zikiuzwa kwa bei ya kutupa, nyingine zikiwa na kibodi, walianzisha mradi wa Playpower ili kuziandikia gemu za kufundishia. Prosesa yake ni ya ukoo wa 6502, uleule uliobeba kompyuta za mwanzo za Apple. Walioidharau walikuwa wamedharau kompyuta.

Na hii haichinjiki. Ukiifungua utakuta ubao mwembamba na tone moja jeusi la gundi ngumu katikati, na chini ya tone hilo ndimo ilimo mashine yote. Hakuna cha kutoa, hakuna cha kubadilisha. Likifa tone, imekwisha. Hakuna pia anayejua zilitengenezwa ngapi, kwa sababu viwanda vyake havikutaka kujulikana. PlayStation halisi ina namba ya kila toleo na vitabu vimeandikwa juu yake. PolyStation ya Maswa haina cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo ukiniuliza ipi iingie makumbusho, najibu feki, na sitanii.

Kuitunza kuna sharti moja ambalo wengi hawalijui, nalo ni bunduki. Mashine hizi nyingi ziliuzwa na bunduki ya plastiki ya kuwindia bata. Watu wanadhani bunduki inarusha kitu kwenda kwenye kioo. Ni kinyume: bunduki ni jicho. Ukivuta kifyatulio, picha yote inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha pale alipo bata panatokea mraba mweupe. Kama mtutu unauona mweupe huo kwa wakati uleule uliotarajiwa, bata anaanguka. Ujanja huu unategemea televisheni ya chogo, ambayo huchora picha mstari kwa mstari papo hapo. Televisheni ya flati huipokea picha, ikaichakata, ndipo ikaionyesha. Ule ucheleweshaji mdogo unatosha bunduki isione kitu. Mtoto anafyatua mpaka kidole kinauma, na bata wanapita.

Maana yake, ukiitunza gemu ya kaseti bila chogo lake umetunza nusu. Na chogo ndizo zinazoondoka haraka. Tanzania ilianza kuzima matangazo ya analojia mwishoni mwa Desemba 2012, watu wakanunua ving'amuzi, baadaye wakanunua flati, na chogo zikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanaozipasua kutafuta shaba iliyozungushwa shingoni mwa kioo. Kioo chenyewe kina risasi, kinabaki shimoni. Ukiwa na chogo moja inayowaka, yenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, usiitoe kwa bei ya kilo.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu masalia kuwa ni vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Milango ya kuchongwa ilipewa nafuu, hadi 1940. PolyStation haina lake hapo. Hakuna ofisi itakayokuja kuikagua, na hakuna itakayokukataza kuipiga nyundo. Uamuzi umeachwa mikononi mwa fundi na mwenye banda.

Hilo halinitishi sana, kwa sababu Wasukuma walishatunza mambo yao bila kusubiri sheria. Bujora, karibu na Mwanza, yapo Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers aliyefika miaka ya 1950. Zimo ngoma na viti vya watemi, lakini uwanja wa ngoma nao upo, na Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, inachezwa. Mfano huo ndio naufuata. Gemu isiyowashwa itaoza kwenye kapasita zake hata ukiifunika kitambaa cha hariri. Kila mji unahitaji mashine moja nzima inayochezwa, PlayStation moja na gemu ya kaseti moja na chogo lake, na PlayStation nyingine zote ziwe ghala la spea la hiyo moja. Hapo kuchinja na kutunza havigombani tena.

Mzoga nao una taratibu. Mwishoni mwa 2001 Uholanzi ilizizuia PlayStation za umbo dogo, zile za kizazi cha kwanza, zipatazo milioni 1.3, kwa sababu nyaya zake zilikuwa na kadimiamu kupita kiwango. Sony walilazimika kuzibadilisha. Kumbuka hilo unapomwona kijana amewasha moto nyuma ya gereji ili apate shaba ndani ya waya. Moshi ule mweusi haumwingii yeye peke yake. Unaingia kwenye sufuria ya mama lishe aliye jirani. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Hatutaimaliza kutoka Bariadi, lakini waya wa kuchunwa kwa kisu unatoa shaba ileile.

Nimeiacha memori kadi hadi mwisho kwa sababu ndiyo pekee isiyokuwa na pacha. Gemu za mpira za PlayStation 2 zilikomea FIFA 14 na PES 2014. Baada ya hapo wachezaji walihama timu, wengine wakastaafu, na kwenye mashine wakabaki walipo. Brazil waliliona hilo mapema: kundi la Bomba Patch limekuwa likiifanyia marekebisho gemu ya Konami tangu 2007, likiweka klabu na usajili wa nyumbani, na kuifanya PlayStation 2 iishi kupita umri wake. Mabandani kwetu kazi hiyo hufanywa kwa mkono, kijana mmoja mvumilivu akiandika jina herufi moja baada ya nyingine kwa pedi, akibadili jezi ya timu ya Ulaya iwe kijani na njano au nyekundu na nyeupe, akimpa beki wa mtaani kwao kasi ambayo Mungu hakumpa. Ndani ya kadi hiyohiyo kuna ligi zilizochezwa, mabingwa, na tarehe.

Watafiti wa Video Game History Foundation walitangaza mwaka 2023 kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena. Angalau nakala zake wanazo watu. Ligi iliyochezwa kwenye banda la Somanda, hapa Bariadi, ipo kwenye kadi moja tu, yenye megabaiti 8, ambazo picha mbili tatu za simu zingezijaza. Na kadi hiyo haidumu. Kilichoandikwa humo kinashikiliwa na chaji ndogo sana ya umeme iliyofungiwa ndani ya chipu, na chaji hiyo huvuja polepole jinsi miaka inavyokwenda.

Kuiokoa si kazi ya mhandisi. Mabanda mengi yaliacha diski zamani na yanacheza kwa flashi, kwa msaada wa kadi iliyowekewa programu ya Free McBoot. Mwenye kadi hiyo mara nyingi anayo pia uLaunchELF, programu ndogo inayofungua mafaili ya mashine kama unavyofungua ya simu. Chomeka kadi ya zamani kwenye tundu la pili, flashi kwenye USB, chagua mafaili yote, nakili, bandika. Halafu hamishia kwenye kompyuta ya steshenari na kwenye simu ya mtu mwingine, ili nakala zisikae nyumba moja.

Kisha chukua kipande cha karatasi, uandike kwa penseli maana wino wa peni hupauka: mtaa, jina la banda, miaka lilipokuwa wazi, gemu zilizokuwa zinachezwa, bei ya mechi moja, na nani alikuwa hafungwi. Kibao cha masharti kama kipo bado ukutani, kile cha hakuna kukopa na ukivunja pedi unalipa, kipige picha. Majina kamili ya waliokuwa wakitoroka vipindi kuja kucheza yasiandikwe mpaka wenyewe waulizwe. Wengine siku hizi ni walimu.